Kusoma na Kuandika Namba Kubwa: Jina, Nafasi na Mapatano

Utangulizi

Katika kipindi kimoja cha mazoezi ya kufundisha nilikaa nyuma ya darasa, katika shule moja ya msingi upande wa Nkoma, nikimtazama mwanachuo akifundisha Hisabati. Andalio lake la somo lilikuwa safi, sauti yake ilifika kila pembe ya chumba, na watoto walimsikiliza. Mwishoni mwa kipindi aliwapa imla ya namba kumi. Namba ya saba aliitaja hivi: "Elfu mia mbili na hamsini."

Madaftari yalipokusanywa, namba hiyo ilikuwa imeandikwa kwa njia nne. Wako walioandika 250,000. Wako walioandika 200,050. Wachache waliandika 1,250. Wengine waliandika 20000050, yaani laki mbili nzima, kisha hamsini ikabandikwa mkiani. Mwanachuo aliweka alama ya vema kwenye jibu la kwanza, na alama ya kosa kwenye mengine yote.

Msichana mmoja aliyeandika 1,250 hakuridhika. Alisimama, akasema kwa adabu: "Mwalimu, dukani ukiambiwa elfu, mia mbili na hamsini, unatoa noti ya elfu moja, sarafu ya mia mbili na sarafu ya hamsini." Darasa likacheka, naye akakaa chini.

Baada ya kipindi tulikaa chini ya mti kujadili somo. Mwanachuo alianza kwa kujitetea: "Mkufunzi, namba ile niliisema sawasawa." Nilimjibu: "Uliisema sawasawa, lakini ulisema namba tatu kwa pamoja. Umemkosesha mtoto aliyekusikia vizuri."

Makala haya yametokana na mazungumzo hayo. Shabaha yake ni kumwonyesha mwalimu mtarajiwa kwamba jina la namba kubwa ni mapatano ya watu. Mapatano hayo hutofautiana kati ya lugha na lugha, na hata ndani ya lugha moja. Mwalimu asiyeyajua atasahihisha masikio ya watoto badala ya kusahihisha hesabu zao.

1. Shida inatoka wapi?

Katika Kiswahili jina hutangulia na idadi hufuata. Twasema "ng'ombe wawili", "vitabu vitano". Vivyo hivyo twasema "mia mbili", "elfu tano". Neno "elfu" likishatajwa, maneno yanayofuata huhesabu maelfu. Lakini yanahesabu maelfu mpaka wapi? Hapo ndipo penye shida, kwa sababu hakuna neno linalofunga mlango.

Hebu tuitazame tena ile namba ya saba:

(a) Elfu [mia mbili na hamsini] ni 250,000. Maneno yote yanahesabu maelfu.
(b) [Elfu mia mbili] na hamsini ni 200,050. Maelfu yameishia kwenye mia mbili.
(c) Elfu [moja], mia mbili na hamsini ni 1,250. Neno "moja" limemezwa.

Aina zote tatu husikika katika mazungumzo. Mzungumzaji hutenganisha kwa kutua kidogo, na msikilizaji husaidiwa na hali: anayenunua sukari hawezi kudhani ametajiwa laki mbili, na anayeuza fahali hawezi kudhani ametajiwa elfu moja. Darasani hakuna sukari wala fahali. Imla ya namba huondoa hali yote, mtoto akabaki na maneno matupu.

Kiingereza hakina shida hii, kwa sababu hutanguliza idadi na kumalizia kwa jina. Namba hizo tatu husomwa "two hundred and fifty thousand", "two hundred thousand and fifty" na "one thousand two hundred and fifty". Neno "thousand" linafunga mlango: yaliyo mbele yake ni maelfu, yaliyo nyuma yake siyo. Jambo hili halimaanishi kwamba Kiswahili ni lugha dhaifu ya hesabu. Maana yake ni kwamba kila lugha ina mahali pake pa hatari, na mwalimu hana budi kupajua mahali hapo katika lugha anayofundishia.

2. Neno "laki" na mahali pa mkato

Kiswahili kina dawa yake ya asili kwa sehemu ya shida hii, nayo ni neno "laki". Tukisema "laki mbili na elfu hamsini", hakuna atakayeandika 1,250 wala 200,050.

Neno hili lilitufikia kwa njia ya Bahari ya Hindi. Asili yake ni Bara Hindi, na mzizi wake ni wa Kisanskriti. Wafanyabiashara wa Kihindi waliokuwa pwani waliweka hesabu zao kwa laki, na fedha yenyewe ya biashara kwa muda mrefu ilikuwa rupia. "Mia" na "elfu" yalitoka Kiarabu, na "milioni" ilikuja na Wazungu. Kwa hiyo mtoto wa Kisukuma anayeingia shuleni na makumi yake ya nyumbani hukutana na historia nzima ya biashara ya pwani katika kusoma namba moja tu.

Hata hivyo, "laki" ina mtego wake. Katika Kiingereza cha India mkato hufuata laki: 250,000 huandikwa 2,50,000, na laki mia moja zina jina lake, krori, inayoandikwa 1,00,00,000. Sisi tumelichukua neno la Kihindi, lakini alama ya mkato tumeichukua kwa Waingereza, ambao huhesabu tarakimu tatu tatu kutoka kulia. Matokeo yake ni kwamba mdomo wetu unatua baada ya laki, na kalamu yetu inatua baada ya maelfu. Mtoto anayeandika 2,50,000 hakukosa akili. Amefuata mdomo. Mtoto anayeandika 20000050 naye amefuata mdomo: amesikia laki mbili akaiandika yote, kisha amesikia hamsini akaiandika yote.

Mtego wa pili uko sokoni. Mnadani mtu husema "laki mbili na hamsini" akimaanisha 250,000. Neno "elfu" limeachwa kwa sababu kila mtu pale anajua kuwa hakuna anayebishania shilingi hamsini. Lugha hiyo ni halali mahali pake. Ila ikihamia kwenye karatasi, "laki mbili na hamsini" inaweza kusomwa 200,050, na tofauti ni shilingi 49,950. Kwa mkulima wa pamba hiyo si tofauti ya kuchekewa.

3. Jina moja, thamani mbili: "bilioni"

Wanachuo wengi hudhani kwamba utata wa aina hii ni wa Kiswahili peke yake, na kwamba Kiingereza kimenyooka. Yafaa waelewe kwamba Waingereza na Wamarekani wenyewe walitofautiana kwa muda mrefu juu ya neno "billion".

Mwanahisabati Mfaransa Nicolas Chuquet aliandika kitabu chake cha hesabu mwaka 1484. Humo alipanga majina ya namba kubwa kwa makundi ya tarakimu sita. Katika mpango huo "billion" ni milioni mara milioni, yaani 1 yenye sifuri 12. Baadaye Wafaransa wengine walianza kutumia makundi ya tarakimu tatu, na hapo "billion" ikawa milioni elfu moja, yaani 1 yenye sifuri 9. Wamarekani walishika mpango huo mfupi. Waingereza walibaki na ule mrefu, na namba yenye sifuri 9 waliiita "thousand million".

Mwaka 1974 mambo yalibadilika. Tarehe 20 Desemba mwaka huo Waziri Mkuu wa Uingereza, Harold Wilson, alilijibu swali bungeni kwa kuthibitisha kwamba mawaziri wake wakisema "billion" wanamaanisha milioni elfu moja, kama Wamarekani. Tangu hapo maana hiyo ndiyo iliyotawala katika Kiingereza. Lakini vitabu vilivyochapwa Uingereza kabla ya hapo havikubadilika vyenyewe rafuni. Mwanachuo akifungua kitabu cha zamani katika maktaba na kukuta neno "billion", lazima aulize kwanza: kimechapwa lini, na wapi?

Wafaransa, baada ya kuyumba, walirudi rasmi kwenye mpango mrefu mwaka 1961. Wajerumani pia wanaufuata. Kwao namba yenye sifuri 9 huitwa "milliard" au "Milliarde", na "billion" ni ile yenye sifuri 12. Jambo hili haliko mbali nasi. Jirani zetu wa Burundi na Kongo, wanapotumia Kifaransa, husema "milliard" pale tunaposema "bilioni".

Kwa muhtasari:

1,000,000,000 — Kiswahili chetu: bilioni moja, Kiingereza cha leo: "billion", Kiingereza cha Uingereza cha zamani: "thousand million", Kifaransa: "milliard".

1,000,000,000,000 — Kiswahili chetu: trilioni moja, Kiingereza cha leo: "trillion", Kiingereza cha Uingereza cha zamani: "billion", Kifaransa: "billion".

Tofauti hii ni kubwa mno. Bajeti ya Serikali ya Tanzania kwa mwaka 2024/25 ilikuwa shilingi trilioni 49.35. Mjerumani ataiandika kwa lugha yake kuwa "Billionen" 49.35, na atakuwa sahihi. Mfasiri asiye makini akiandika kutoka hapo "bilioni 49.35", atakuwa ameigawa bajeti ya nchi kwa elfu moja bila kukosea hata tarakimu moja.

Iko pia tofauti ndogo ya kusoma. Mwingereza husoma 250 "two hundred and fifty", na Mmarekani wengi wao huacha neno "and". Mwanafunzi wako atakapoingia sekondari, ambako masomo mengi hufundishwa kwa Kiingereza, atakutana na njia zote mbili. Zote ni sahihi. Tena ataona kwamba neno "laki" halimo katika Kiingereza hicho: laki mbili inageuka kuwa "two hundred thousand". Mtoto aliyekariri majina tu hukwama hapo. Mtoto aliyefundishwa nafasi huvuka.

4. Hatua za kufundisha

Kutokana na maelezo hayo, napendekeza hatua tano. Hazihitaji zana za kununua.

Hatua ya kwanza: wingi kabla ya jina. Watoto wa hapa wanaijua mbegu ya pamba. Kila mwanafunzi ahesabu mbegu 100 na kuzifunga katika karatasi. Wanafunzi kumi wakiweka pamoja, wamepata elfu moja. Darasa la watoto 50 litapata elfu tano. Kisha uliza: ili tupate laki moja, tunahitaji watoto wangapi, kila mmoja na mbegu zake mia? Watagundua kwamba wanahitajika watoto 1,000. Kwa namba kubwa zaidi tumia muda. Sekunde milioni moja ni siku 11 na nusu hivi. Sekunde bilioni moja ni zaidi ya miaka 31. Sekunde trilioni moja ni zaidi ya miaka 31,000. Mtoto aliyehesabu hayo hatachanganya tena milioni na bilioni kana kwamba ni ndugu pacha.

Hatua ya pili: nyumba na vyumba. Chora ubaoni nyumba nne zilizopangana: nyumba ya mabilioni, ya mamilioni, ya maelfu na ya mamoja. Kila nyumba ina vyumba vitatu: mamia, makumi na mamoja. Alama ya mkato ni ukuta kati ya nyumba na nyumba. Sasa waonyeshe laki inakaa wapi: ni chumba cha mamia katika nyumba ya maelfu. Laki haina nyumba yake, kwa hiyo haina ukuta wake. Mtoto akilielewa hilo, hataandika 2,50,000 tena, wala hatabandika hamsini nje ya nyumba.

Hatua ya tatu: chumba kitupu huandikwa sifuri. Waandike 200,050 na 250,000 moja chini ya nyingine katika nyumba hizo. Waulize tarakimu 5 inakaa chumba gani katika kila namba, na thamani yake ni nini. Hapa ndipo wanapoona kwamba hamsini na elfu hamsini zina tarakimu zilezile, lakini zinakaa nyumba mbalimbali.

Hatua ya nne: kusoma kwa utaratibu mmoja. Taja nyumba, taja yaliyomo, tua, kisha ingia nyumba inayofuata. Tumia takwimu za kweli zinazowahusu watoto. Kwa sensa ya mwaka 2022 Mkoa wa Simiyu, uliokuwa na umri wa miaka kumi tu, ulikuwa na watu 2,140,497: milioni mbili, laki moja na elfu arobaini, mia nne tisini na saba. Tanzania nzima ilikuwa na watu 61,741,120: milioni sitini na moja; laki saba na elfu arobaini na moja; mia moja na ishirini. Katika imla, mwalimu asitaje "elfu mia" pale panapofaa "laki", na asiliache neno "moja" katika "elfu moja". Namba yenye vyumba vitupu itajwe kwa kipimo chake: "shilingi laki mbili na shilingi hamsini".

Hatua ya tano: kwenda na kurudi. Mtoto mmoja aandike namba kwa tarakimu, jirani yake aiandike kwa maneno, na wa tatu ayarudishe maneno hayo kuwa tarakimu bila kuiona namba ya kwanza. Wakipata namba ileile, jina limefanya kazi yake. Wakipata namba nyingine, wasikimbilie kumlaumu wa tatu. Wayachunguze maneno kwanza, maana huenda kosa liko hapo.

5. Uzito wa jambo hili

Mwalimu mmoja aliwahi kuniuliza: ikiwa tarakimu zipo, maneno ni ya nini? Swali ni zuri. Tarakimu huongezwa kwa urahisi: sifuri moja mkiani hugeuza 25,000 kuwa 250,000. Ndiyo sababu hati za fedha huandikwa kwa tarakimu na kwa maneno pia. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1882 juu ya hati za fedha, ambayo ni mzazi wa sheria za namna hiyo katika nchi nyingi zilizotawaliwa na Waingereza, ilisema wazi: tarakimu na maneno zikitofautiana, maneno ndiyo yanayofuatwa. Basi maneno si pambo. Ni mlinzi wa tarakimu, na mlinzi asiyeeleweka hailindi nyumba.

Fikiria mzazi aliyepeleka pamba kilo 250. Tuseme, kwa ajili ya mfano tu, bei ni shilingi 1,000 kwa kilo. Anastahili shilingi 250,000. Kama hakusoma, atampa mtoto wake stakabadhi aisome. Mtoto huyo ndiye aliyekaa darasani kwako. Akisoma tarakimu na maneno, akaona yanakubaliana, mzazi atakwenda nyumbani na moyo mtulivu. Akiona hayakubaliani, atajua la kuuliza kabla baba yake hajaweka kidole gumba. Kazi hiyo haifanywi na mtoto aliyezoea kukisia mwalimu alimaanisha nini.

Hitimisho

Mwanachuo niliyemtaja mwanzoni alirudi darasani kesho yake. Aliandika ubaoni majibu matatu, 250,000, 200,050 na 1,250, akawauliza watoto: "Nilipaswa kusema nini ili kila moja ieleweke?" Yule msichana ndiye aliyeinua mkono wa kwanza. Alama za kosa katika madaftari zilifutwa kwa majibu hayo mawili. Lile la 20000050 lilibaki kosa, na darasa zima lilieleza kwa nini kwa kutumia nyumba na vyumba. Nililihesabu kipindi hicho kuwa bora kuliko kile cha kwanza, ingawa ubao haukuwa nadhifu vile.

Wakubwa wa dunia walichukua karne kadhaa kukubaliana juu ya "billion", na hawajamaliza. Si aibu kwa mwalimu kukiri mbele ya darasa kwamba maneno yake yalikuwa na njia mbili. Aibu ni kumwadhibu mtoto aliyepita njia ya pili.

Maswali ya kujadili na mazoezi

1. Andika kwa tarakimu maana zote zinazowezekana za "elfu ishirini na tano". Eleza utakavyoitaja kila moja katika imla.

2. Mtoto ameandika laki tatu na elfu ishirini hivi: 30000020000. Eleza fikira iliyompeleka huko, kisha andaa shughuli ya dakika kumi ya kumrekebisha bila kumvunja moyo.

3. Sikiliza bei zinavyotajwa sokoni au mnadani kwa siku moja. Orodhesha maneno yanayoachwa, na uandike kila bei kwa maneno kamili kama yanavyopaswa kuwa kwenye stakabadhi.

4. Tafuta katika maktaba ya chuo kitabu cha Kiingereza kilichochapwa kabla ya mwaka 1974 chenye neno "billion". Je, ni sifuri 9 au 12? Umejuaje?

5. Andaa somo la kipindi kimoja la kusoma namba zenye tarakimu sita na saba, ukitumia takwimu za sensa ya mwaka 2022. Onyesha ni wapi utatumia neno "laki", na utakavyomwandaa mtoto kwa siku atakapozisoma namba hizo kwa Kiingereza.